Maharage ya Kaka wa Mbarara

Simu ilinikuta uani kwetu, Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikipiga maharage kwa fimbo juu ya turubai. Aliyepiga alisema aliishi kambi moja ya jeshi na mdogo wangu wa kiume huko Kongo. Aliniuliza kwanza kama nimekaa. Nikamwambia nimekaa, ingawa nilikuwa nimesimama na fimbo mkononi.

"Yaya, haikukuwa masasi ya bunduki," alisema, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu. "Ni ndeke. Ndeke ya jeshi, ilibeba batu na masanduku. Moteri moja ilikuwa inakohoa tangu asubuhi. Fundi akaigongagonga, akasema itafika. Ilipanda kidogo tu, moteri ikazima, ikaangukia mu shamba ya mihogo. Ikawaka."

Nikauliza amezikwa wapi. Akasema wamezikwa wote shimo moja, kwa kuwa haikuwezekana kujua yupi ni yupi.

Nilimaliza kuyapiga yale maharage.

Sikupiga yowe, na sababu yake ni hii. Nilikuwa darasa la sita tulipompoteza mama, baba akiwa ametangulia. Niliacha shule, nikaandikwa mkuu wa familia: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu, msichana. Baada ya miaka mingi faili yetu ya kuhamia nchi ya mbali ikaanza kusogea. Kila tulipokula, mdogo wangu alimtania dada yake kwamba atatapika ndani ya ndege atuaibishe. "Mimi nitaipanda mbele yenu," alisema, "niwaonyeshe kufunga mukaba wa kiti."

Mwaka jana akatoroka, akarudi kwetu Kongo kuingia jeshini. Siku ya uhakiki wa familia ofisini jina lake liliitwa na hakusimama mtu. Nikasema, "Yuko Mbarara, anapakua ndizi sokoni." Wakaandika. Juru nzima inajua kwamba mkimbizi akirudi kushika bunduki, faili ya nyumba yake yote inaharibika. Majirani nao niliwaambia Mbarara, maana uongo wa ofisini usipofika kwa jirani hauishi wiki.

Kwa hiyo kumlilia kungekuwa kuungama.

Jirani yetu wa karibu ni bibi mmoja Mrundi, mkatoliki wa rozari shingoni, aliyetufundisha kupanda maharage udongo ungali na unyevu. Kila asubuhi aliniuliza juu ya ua, "Na yule wa Mbarara, hajambo?" Nami kila asubuhi nilijibu, "Hajambo, bibi." Tangu ile simu, siku kumi nilijibu hivyo. Neno lile dogo lilinichosha kuliko jembe.

Siku ya kumi na moja nilifunga safari kwenda Mbarara kumwambia mdogo wetu wa kike, anayejifunza ushonaji huko. Bibi akanikuta njiani, akanitwisha mfuko wa maharage mapya.

"Mpelekee kijana wangu. Mjini wanakula matoke tu, atalegea. Na umwambie asioe Mnyankole wa huko bila kutuletea tumtazame!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaupokea.

Mdogo wangu huyo wa kike alinitoa nje ya karakana, tukasimama nyuma, penye vipande vya vitambaa. Nilipomwambia, alikaa chini. Alilia akiwa ameuma kitambaa ili mafundi wenzake wasisikie. Kisha akafuta uso.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi umulilie hapa, yaya. Lia hapa umalize, kisha urudi. Yeye alienda mwenyewe. Sisi tumebaki. Ukisema, hatutaondoka Nakivale mpaka tuzeeke."

Alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyemlea aione haki yake. Akautazama mfuko. "Hiyo ni nini?"

"Maharage. Bibi amemletea yeye."

Aligeuza uso ukutani. Nikamsukumia mfuko apike, akausukuma kwangu. Hakuna kati yetu aliyeweza kuyala. Nikarudi nayo, yamekaa mapajani mwangu hadi Isingiro na kutoka Isingiro hadi Juru.

Bibi alikuwa anafagia. Aliuona mfuko kabla ya kuniona mimi.

"Hukumkuta?"

Ningeweza kusema sikumkuta. Lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Bibi, hayupo Mbarara. Alikuwa mwanajeshi Kongo. Amekufa."

Fagio likaanguka. "Nani amemuua, mwanangu?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza msibani, na watu hungoja jina: kundi, kabila, jirani. Mimi sikuwa na jina la kumpa.

"Hakuna aliyemuua. Ni injini ya ndege."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa. Kisha akaingia kwangu bila kuuliza, akamwaga maji juu ya moto wangu, kwa sababu nyumba yenye msiba haijipikii. Maharage akayapeleka kwenye jiko lake. Yale yale ya Mbarara ndiyo niliyokula siku ya kwanza ya matanga, na wanawake wa kanisani kwetu wamekaa kimya kandokando yangu.

Kesho yake, kabla habari haijanitangulia, nilisimama kwenye dirisha la ofisi ya wakimbizi.

"Lakini huyu wewe uliandika Mbarara," afisa alisema.

"Nilidanganya."

Akachukua karatasi nyingine. "Hii sasa inaenda kwa wakubwa. Mtangoja."

Siku ya kuondoa matanga mdogo wangu wa kike alifika kutoka Mbarara. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akainamisha kichwa nimnyoe nywele za msiba. Nilipofika kisogoni ndipo akasema.

"Faili?"

"Imesimama."

Wembe ulikuwa mkononi mwangu, na nywele zake zilikuwa zinaanguka mabegani.

"Maliza na huku nyuma ya sikio," alisema. "Umeruka fasi."