Chetezo cha Mamaangu

Mimi ni meneja wa kampuni ya opera, michezo ya jukwaani ambayo watu huimba badala ya kusema. Nilianza kwa kupanga magari ya waimbaji, nikapanda mpaka nikawa ndiye wa kumfokea kila mtu. Kubwa ninalolinda ni makoo yao. Kwangu hakuna sigara wala manukato, na fundi mmoja aliyeleta rangi inayonuka nilimtoa mbio.

Mwaka juzi tulikuwa na onyesho mjini Nizwa. Mamaangu anakaa Ibra, na miaka yote hajapata kuja kutazama kazi yangu. "Mie nikasikilize watu wanaopiga ukelele?" Safari hiyo akakubali, kwa sharti mwimbaji wetu mkuu, bibi wa Kizungu, aje kwanza kwake kula. Wallahi nilifurahi.

Tukala, tukanywa kahawa. Halafu mama akaingia na chetezo, makaa mekundu, udi unafuka. Kwetu mgeni haondoki bila kufukizwa. Kumnyima ni kama hukumkaribisha. Neno moja tu lingetosha. Mimi, mwenye mdomo usiofungika, nikanyamaza, nisimwaibishe mamaangu mbele ya mgeni. Mwimbaji akafukizwa nguo, akafukizwa nywele, na mwenyewe anacheka. Mwisho akainama akauvuta moshi kifua kizima.

Tulipofika Izki, njiani kwenda Nizwa, sauti yake ilikuwa inakwaruza. Nizwa haikutoka kabisa. Nikamtia mwimbaji wa akiba, naye akaimba kwa kubabaika, onyesho likapita hivyo hivyo. Mama alikuwa safu ya mbele.

"Yuko wapi mgeni wangu?"

"Ana mafua, mama."

"Maskini," akasema. Akanitazama, asiulize tena.

Kwenye ripoti niliandika kosa ni langu. Wakubwa walinikaripia, na haki yao. Kilichoniuma ni kwamba mamaangu alikuja mara moja, na mara hiyo moja hakusikia kitu cha maana.

Mwaka huu bibi yule amerudi kutuimbia, Nizwa vile vile, na mama akamwita tena. Baada ya kahawa nikainuka kwenda jikoni, nimejikaza, leo nasema, liwe liwalo. Sikuwahi. Mama keshatoka na chetezo, anakizungusha taratibu kwenye nguo za mgeni, kisha kwenye nywele. Nikamrukia nimpokonye.

Hakikuwa na moshi. Ndani hamkuwa na makaa, mlikuwa na asumini mbichi, konzi moja.

"Heshima yake kaipata," mama akaniambia kwa Kiswahili, mgeni asifahamu. "Na wewe, mjinga we, mafua gani yale, saa chache baada ya udi wangu? Miaka miwili unanificha! Ungenambia siku ile ile, ningekasirika mpaka magharibi, basi."

Niliona haya, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya mgeni. Mama hakunibembeleza. Aliweka chetezo chini, akajitanda buibui lake.

"Haya, futa uso twende. Leo nataka kumsikia."