Siku ya Kuandikisha Mabaharia

Harufu ya kamba ya usumba wa nazi iliyolowa hunirudisha juu ya paa la nyumba yetu ya Ghubra, mwaka ambao Baba hakutulia. Alikuwa karani wa wizara kule Al Khuwair. Akasikia kuwa imeundwa merikebu ya matanga kwa mfano wa ile ya jeshi la majini iliyotumwa, karne ya kumi na tisa, kupima bahari na visiwa visivyojulikana, na sasa watafutwa mabaharia wa kuifuata njia yake. Basi kila alasiri akawa anafunga kamba kwenye tangi la maji na kuparaga kama paka aliyeona mbwa.

"Msafiri kafiri," alisema Bibi, mama yake, "na huyu hata hajasafiri."

Siku ya kuandikisha tulikwenda sote bandarini Matrah. Mimi nilikuwa na miaka minane. Wanaume waliketi mbele, sisi jamaa zao nyuma. Mwandikishaji, ofisa mstaafu, alikuwa mzaliwa wa Unguja kama Baba.

"Utaweza kulala na nguo majimaji?"

"Inshallah, nitajaribu," akajibu Baba.

Ubavuni kwangu nikamsikia Mama, chini kwa chini: "Naweza."

"Kupanda mlingoti, bahari imechafuka?"

"Nafanya mazoezi."

"Napanda," akanong'ona Mama.

"Na nyumbani wamwacha nani?"

Baba akageuka kututazama, akaanza kututaja mmoja mmoja. Hapo Mama alinyamaza, akawa anasokota ncha ya mtandio wake. Nilidhani anamsaidia Baba, kama tulivyokuwa tukinong'onezana majibu darasani.

Baba alikubaliwa. Njia nzima aliimba. Lakini Ijumaa, baada ya chakula, akatwambia hendi tena. Bibi ni mtu mzima, na yeye Baba kukubaliwa tu kumemtosha. Bibi akamshukuru Mungu, akaomba chai. Mama akakusanya vyombo. Nilipomfuata jikoni nikamkuta kafungulia bomba kwa nguvu, na machozi yanamtoka.

"Umefurahi, Mama?"

"Nimefurahi, mwanangu. Kalete sahani zilobaki."

Nilimwamini miaka mingi. Leo nna nyumba yangu Mabela, nna mume na watoto niwapendao, na nakwambieni kweli, zipo siku miguu huniwasha kwa hamu ya safari. Mama hakuwa akimsaidia mtu siku ile. Alikuwa akijijibia mwenyewe, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kama angependa kwenda.