Mkwe Aliyeleta Kambare

Anayesema samaki hawana tabia hajawahi kumweka nkejje dume kwenye tangi moja na samaki mwenye mapezi marefu. Nkejje ni yule samaki mdogo wa ziwani ambaye wengi wetu tunamjua akiwa amekaushwa na kuchomekwa kwenye kijiti, dawa ya mtoto mwenye surua. Akiwa hai ni kiumbe kingine kabisa. Dume huvaa buluu na wekundu, huchagua jiwe lake, na atakayelisogelea atajuta. Marehemu baba aliwafuga miaka mingi nyumbani kwetu Walukuba, Jinja, ndani ya tangi la kioo aliloachiwa na familia ya Kihindi aliyoifanyia kazi ya umeme, walipohamia Kampala.

Baba alipofariki, tangi likawa langu. Nilidhani nitalichukua tu nilipeleke kwangu Nabuyonga, huku Mbale, yaishe. Mama akasema samaki hawahami bila mtu wao. Basi samaki wakaja ndani ya jerikeni kwenye lori la mume wangu, na mama akaja kwa basi, maana kwetu Busoga mama na mkwewe hawapandi gari moja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Atakayevunja mwiko huo, wanasema, mikono itamtetemeka mpaka kaburini. Mume wangu ni Mkenya wa Bungoma na kwao ni vilevile, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake.

Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Mama ana presha. Aliwahi kuanguka bafuni akiwa peke yake, na jirani ndiye aliyemkuta sakafuni. Tangu hapo kila simu ya kutoka Jinja ilinikata maini. Nilimsihi ahamie kwetu, akaniuliza ni mwanamke gani mwenye akili timamu anayekaa kwa mkwe wake. Kwa ajili ya samaki, hata hivyo, alikubali chumba cha uani, na akaweka sharti.

"Nitakaa mpaka wazoee," alisema. "Wakizoea, narudi kwangu."

Tangi tuliliweka kwenye mlango tusioutumia, ule wa kati ya sebule na korido ya jikoni, na juu yake nikatundika pazia. Mume wangu akitoka safari hukaa kwenye kochi upande wa sebule. Mama hukaa kwenye kigoda upande wa pili. Katikati yao ni maji, mawe na nkejje. Kila mmoja aliwaona samaki vizuri, mwenzake akamwona kama kivuli tu, na mwiko ukabaki mzima.

Sasa, mama hakupenda Kiswahili. Kwa watu wa umri wake huku kwetu, Kiswahili ni lugha ya askari aliyekuja na bunduki. Mimi na yeye tumesema Kisoga maisha yetu yote, lugha ambayo mume wangu haijui. Lakini jioni ya kwanza nilimsikia akiwaambia nkejje kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Nyinyi samaki, leo iko mtu amefika salama. Chakula yake iko jikoni."

Nikasimama na mwiko mkononi. Kutoka kwenye kochi, mume wangu, macho yakiwa kwenye kioo, akajibu: "Samaki, mwambieni mama nimeshukuru sana."

Ndivyo walivyoishi. Salamu, habari za barabara, malalamiko ya chumvi kwenye mchuzi, yote yalipitia kwa nkejje, na nkejje wala hawakugeuka.

Shida ilianza tangi lilipotulia. Dume alipata jiwe lake, majike wakapata kona yao, na mama akaanza kukunja nguo zake. Jioni hiyohiyo mume wangu alirudi kutoka Jinja na mfuko wa plastiki wenye samaki wawili wa dhahabu, mapezi yakiburuta kama gauni la bibi harusi. Kulipokucha dume alikuwa amewanyoa mikia. Mama akaacha begi, akawahamishia kwenye beseni, akawatibu kwa maji ya chumvi huku akiwauliza nkejje ni nani aliyeleta viumbe wa kukaa peke yao nyumba ya wagomvi.

Wakapona, tukampa jirani, na mama akakunja nguo tena. Mume wangu akaleta ngege mchanga, ndugu yake sato. Huyo alichimba changarawe mpaka mawe yakaporomoka na maji yakawa chai ya maziwa. Mama akabaki kupanga mawe. Mambo yalipotulia tukaletewa kambare: ndevu nzuri, uso wa upole, na mdomo usiokataa kitu. Tuliamka tukakuta majike wamepungua. Hapo nilimjia juu mume wangu. Nilimwuliza dereva anayejua kila shimo la barabara ya Tororo anashindwaje kujua kwamba kambare anakula wenzake.

Alikuna kichwa. "Niliona ni mdogo, mama watoto," alisema.

Nilinuna siku nzima. Mama alimtoa kambare, akatusubirisha mpaka majike waliobaki waliporudia kula, kisha akatangaza kwamba Jumamosi anaondoka, na safari hii akakata tiketi ya basi kabisa.

Siku moja kabla ya hiyo Jumamosi nilipanda lori na mume wangu kwenda Walukuba, nikafagie nyumba ya mama apate kuikuta safi. Nilifagia nikilia. Bafuni nilishindwa kuingia. Tulipomaliza, mume wangu alipitia Masese, ufukweni, kwa mwanamke mmoja anayewauzia wenye mabwawa samaki wachanga walio hai. Mwanamke yule alipomwona akacheka.

"Bwana dereva, leo ile ya kugombana imekwisha. Imebaki hii ya adabu tu."

Mume wangu alimkonyeza, lakini nilikuwa nimeshasikia. Nikamwuliza mwanamke yule, ya kugombana gani?

"Kila mara huyu anauliza, samaki gani inasumbua wenzake? Mimi nampa hiyo," alisema. "Nafikiri iko na adui."

Ndani ya lori mume wangu aliwasha injini, akaizima.

"Mama akiona wametulia, anaondoka," alisema. "Akianguka tena huko, nani atamwinua? Na mimi siwezi kumwambia akae. Mkwe utamwanzia wapi? Hata kumwangalia siwezi."

Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu. Nilimwambia hivyo, akaona haya, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Tulirudi na nkolongo, yule samaki wa adabu, ndiye aliyekuwa amebaki. Nkolongo ana miiba mabegani ambayo hata nkejje anaiheshimu, hula makombo ya chini, na hana ugomvi na mtu. Mume wangu alimwingiza tangini kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba. Nkolongo alishuka, akajipenyeza chini ya jiwe ambalo halikuwa na mwenyewe. Dume alikuja kumkagua, akarudi kwake. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Nyuma ya pazia mama naye alimkagua kutoka kwenye kigoda chake. Kisha akaanza, kwa Kiswahili.

"Wewe nkolongo, karibu. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa. Kambare namjua tangu iko ndogo kama ukucha. Sasa mtu anapita kwa ziwa kila wiki, yeye anakosa kumjua? Mimi nilikuwa nangojea tu kuona italetwa nini ingine. Nikafikiri labda mamba."

Mume wangu alipaliwa na chai.

"Mwambie huyo mtu aache kumaliza samaki ya marehemu. Kama anataka mtu akae, aseme."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Nkolongo," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kuongea na samaki. "Mwambie mama akae. Hapa ni kwake. Mwambie naogopa akiwa peke yake."

Nilikuwa mlangoni pa jikoni, machozi yananitiririka. Mama alipenga kamasi kwa ncha ya kitenge.

"Nkolongo, mwambie nimesikia," alisema. "Hii kitanda ya kwenu inaniumiza mgongo. Akipita Jinja, alete yangu."