Nilipimwa akili meza moja na baba mkwe wangu, mgodini Geita, miaka ya hamsini

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Wengine nawapa marahaba yenu mapema kabisa, maana wengi humu ni umri wa wajukuu zangu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayebisha aje Ibadakuli aulizie babu mbishi mwenye simu kubwa, ataletwa mpaka mlangoni.

Kilichonichokoza ni kitukuu changu Kabula. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma saikolojia tumizi. Likizo hii kaja na kazi aliyopewa chuoni, namna ya kuwapima watu ili ijulikane nani anafaa kazi ipi.

Akamwaga mezani vipande vya mbao na ubao wenye matundu. Akashika simu ya kuhesabu muda. "Babu, naanza na wewe."

Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia mapajani.

Zile mbao nilikuwa nazijua!

Sasa twende taratibu. Enzi za mkoloni nilikuwa kijana, nimeoa si muda mrefu, nafanya kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Kazi yangu ilikuwa kushuka chini kusomba mawe. Vijana wa Mwakitolyo mnaolalamikia mashimo yenu, nawaelewa, lakini sisi tulikuwa tunashushwa na winchi kwenye kizimba cha chuma kama kuku wa mnadani.

Mke wangu Nyanzobe alikuwa na mimba ya kwanza. Kila nikitoka asubuhi analia. Alikuwa ameshaona majirani wawili wakirudishwa wamefunikwa turubai.

Basi ikatangazwa nafasi ya kuendesha winchi. Unakaa juu, kwenye mwanga, unashusha na kupandisha wenzako. Nyanzobe akaniambia, "Ukiipata hiyo, mtoto wangu atakuwa na baba." Niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote duniani.

Shida ni kwamba hata baba yake aliitaka.

Mzee Maduhu, baba mkwe wangu, ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, akaja mgodini uzeeni. Magoti yalimuuma. Kushuka chini kulikuwa kunamuua polepole, na kila mtu alikuwa anaona.

Wa kuchagua akaletwa mzungu mmoja kijana, mashavu mekundu. Tulidhani ni daktari wa vichwa. Kumbe ni mwanafunzi! Yuko mwaka wa mwisho wa chuo huko kwao, anasomea akili za watu, na sisi ndio kazi yake ya kumalizia masomo. Nilipojua nilishangaa sana. Meneja akasema atakayemchagua ndiye atakayepewa winchi.

Siku ya kwanza alituonyesha mbao zake uwanjani, kila mtu ajaribu. Mimi nilizipachika kwenye matundu upesi mpaka akanipiga piga begani. Nikarudi nyumbani nikamwambia Nyanzobe aache kulia.

Kesho yake ndiyo mtihani wenyewe. Mnaitwa kwa namba za kazi, wawili wawili, mezani mnatazamana, anayemaliza ananyoosha mkono.

Namba yangu ikaitwa. Nikaingia.

Kwenye kiti cha pili amekaa Mzee Maduhu.

Wakuu, damu ilinikauka. Wasukuma wa zamani humu wanajua. Ukikutana na baba mkwe njiani, unaingia porini apite. Huli naye, hukai ukamtazama usoni, humgusi. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa sijawahi kuzungumza naye ana kwa ana, salamu zote zilipitia kwa mtu. Na hiyo meza ilikuwa ndogo, magoti yangekutana.

Mkalimani alikuwa mtu wa pwani. Akaniambia, "Kaa bwana, usitucheleweshe."

Ningesema nini? Kutamka mbele yake kwamba huyu ni mkwe wangu na siwezi kukaa naye, hiyo nayo ni aibu. Kutoka nje ni kuipoteza winchi. Nikakaa upande upande, miguu nimeikunja, macho sakafuni.

"Anzeni!"

Sikugusa mbao hata moja. Ubao ulikuwa mmoja, katikati yetu, nikipeleka mkono unakutana na mkono wake. Na hata kama usingekutana, nimshinde baba wa mke wangu mbele ya watu?

Nikasikiliza kama yeye anapanga. Kimya. Nikaiba jicho. Mzee amejifunika uso kwa kofia yake, mikono kaiweka mapajani.

Tukakaa hivyo hivyo, watu wazima wawili kama vigogo, mpaka filimbi ikalia.

Yule mwanafunzi alitutumbulia macho. Hakuuliza kitu, aliandika tu. Nje mkalimani akatupa majibu, "Nyinyi wawili mmeandikwa hamna akili ya mashine."

Mimi! Niliyepigwa begani jana!

Nilimfuata huyo mkalimani pembeni nikamweleza habari ya ukwe. Akacheka. "Kazini hakuna wakwe, ndugu yangu." Yule kijana alipomaliza hesabu zake akaenda zake kuchukua digrii.

Winchi akapewa Petro, aliyekuwa na mikono myepesi kuliko wote. Sitamsema vibaya, hakuwa mlevi wala mzembe. Lakini winchi haitaki haraka, inataka mtu anayesubiri kengele ya ishara kutoka chini imalize kulia. Petro alipimwa kwa haraka, akapewa kazi kwa haraka, akaifanya kwa haraka. Mngemlaumu kwa lipi?

Asubuhi moja mimi nilikuwa nimeshashuka. Tukasikia kengele, halafu tukasikia chuma kinakuja vibaya. Kizimba kilitua kwa kishindo mpaka taa zikazimika.

Waliokuwemo walitoka wakitambaa, isipokuwa mmoja. Mzee Maduhu, mguu umevunjika chini ya goti.

Kizimba hakipandi tena. Njia iliyobaki ni ile ya zamani, ya kupanda kwa miguu, ndefu na nyembamba, anapita mtu mmoja mmoja. Lazima abebwe mgongoni. Waliokuwa na nguvu walikuwa wanashughulikia majeraha yao. Wakanitazama mimi, halafu wakatazama chini, maana walijua yeye ni nani kwangu.

Nikapiga magoti, nikampa mgongo. Sikumwambia kitu. Nilisikia mikono yake ikinizunguka shingo, nikainuka naye.

Tulipanda bila neno. Anahema sikioni mwangu, mimi nahema, jasho lake na langu limekuwa moja. Tulipoanza kuona mwanga kwa mbali, akaongea.

"Ng'wanawane."

Mwanangu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Naam, baba."

"Zile mbao za mzungu. Ulikuwa unazijua?"

"Nilikuwa nazijua, baba."

Akajiweka sawa mgongoni.

"Hata mimi nilikuwa nazijua."

Wakuu, nililia pale pale, na sikuwa na mkono wa kufutia machozi.

Alichinjwa mbuzi kusafisha ule mgusano wetu, mambo ya ukwe yakarudi palepale, salamu kupitia kwa mtu. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Mimi niliacha mgodi, nikarudi kulima pamba, na mtoto wa Nyanzobe akamkuta baba yake hai. Huyo mtoto ndiye bibi yake Kabula.

Kabula alisikiliza yote. Halafu akaizima simu ya kuhesabu muda, akanisogezea ubao. Vidole vinatetemeka siku hizi, lakini nilizipanga zote.

Funzo ni moja tu. Enyi mnaosomea kupima watu, kabla hujaandika kwamba mtu hana akili, uliza aliyekaa mbele yake ni nani kwake.

Na nyie mlionyimwa kazi au shule kwa kipimo cha namna hii, hebu semeni. Meza hii nimekaa peke yangu, mkwe hayupo, nyoosheni mikono.