Kuku wa Lusangi na Tablo la Mwamvita

Mwamvita binti Djamali wa Kasongo ana mapenzi mawili asiyoweza kuyaficha: chai ya tangawizi na tablo lake. Chai tumsamehe. Tablo ni lile jedwali la mauzo analolibeba ndani ya simu, ambalo kila Jumatatu humwambia wapi taa za jua zimeuzika na wapi zimedoda. Yeye ni msimamizi wa mauzo wa Kasongo na Kabambare yote, kwa kampuni moja yenye ofisi Bukavu. Ukimwuliza habari za Salamabila, hatakuambia kama mvua imenyesha. Atakuambia taa mia moja na kumi na mbili. Majirani humtania kwamba hata mchele wa nyumbani anaupika kwa asilimia, naye hucheka nao vizuri kabisa, kisha macho yanarudi kwenye simu.

Mwezi wa nane tablo lilisema: Lusangi, taa nne. Mwezi wa tisa, taa tatu. Bukavu wakaandika kwamba kituo kisichofikisha taa kumi kifungwe, na jibu lifike kabla ya Ijumaa kuisha. Muuzaji wa Lusangi ni mjane aitwaye Anastasie, mkulima wa mpunga na karanga, na kazi hiyo ya taa ndiyo inayowasomesha binti zake wawili. Msimamizi mwingine angetuma ujumbe wa mistari miwili, yakaisha. Mwamvita ana desturi yake, na mimi nampendea hiyo: habari mbaya huipeleka mwenyewe. Akatanguliza salamu kwamba anakuja, na Alhamisi alfajiri akajifunga kilemba, akawasha pikipiki, akashika njia.

Alikuwa amepanga kusema kabla ya chakula. Huku kwetu mgeni haulizwi kilichomleta mpaka ale, na Mwamvita aliona ni aibu kula cha mtu halafu kumfungia riziki. Lakini alipofika alimkuta Anastasie amevaa kitenge cha Jumapili, uso wote furaha, na jogoo mnene amefungwa kwenye mguu wa meza.

"Mama Shefu, karibu, kaa," Anastasie akamwambia mkubwa wake wa kazi. "Kuku iko, lakini mi siwezi kumuchinja, juu wewe iko muislamu. Nimetuma mutu kwa baba Ramazani. Iko ku shamba, atakuja tu."

Mama huyu, mtu wa misa ya kila Jumapili, alikuwa amehangaika tangu asubuhi kumtafutia mchinjaji Mwislamu. "Mama Anastasie," akaanza, "kuna neno lenye limenileta."

"Tutaongea nyuma ya kula. Twende kwanza usalimie majirani, wanataka kukuona."

Wakatoka. Nyumba ya kwanza, juu ya nyasi za paa, palikuwa na kibao cha jua, kidogo kama daftari la shule. Ya pili, kibao. Kwa katekista, viwili. Mwamvita akaanza kuhesabu, maana asipohesabu haumwi lakini hana raha. Walipofika mtoni alikuwa na thelathini na nane, na ng'ambo ya pili mapaa mengine yalikuwa yanang'aa. Akasimama.

"Hizi taa zimetoka wapi?"

"Kwangu," akasema Anastasie, akishangaa swali. "Zitoke wapi tena?"

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Taa mpya haiwaki mpaka ifunguliwe kwa namba inayoletwa na simu, na Lusangi simu haishiki ila kwa bahati, mara tatu nne kwa mwezi. Basi Anastasie akiuza, anampa Pitchou, dereva wa pikipiki, azipeleke Salamabila kwa muuzaji wa huko, zifunguliwe, azirudishe. Tablo la Mwamvita linahesabu mahali taa ilipofunguliwa. Mahali inapokwenda kuwaka hakuna aliyeliuliza. Ndiyo maana Salamabila ilikuwa inapaa mwezi baada ya mwezi, na muuzaji wa kule akisifiwa, naye anazipokea sifa kimya.

"Lakini kila mwezi naandika majina na nyumba," akasema Anastasie. "Naituma ku biro yako kule Kasongo. Hauone karatasi?"

Mwamvita alikuwa amezipata, zote. Zilikuwa ndani ya faili hazijasomwa, maana simu ilikuwa imekwisha kuhesabu. Moja ilikuwa chini ya birika la chai ili meza isichafuke. Mwamvita aliona haya, haya ya kweli.

Baba Ramazani alikuja na jembe lake begani, akachinja, akaenda zake. Wali ukaiva, wakala. Ndipo Anastasie akanawa mikono na kuuliza, kama inavyotakiwa, kilichomleta mgeni.

"Nilikuja kufunga kituo chako," Mwamvita akasema. "Sitakifunga. Kesho Bukavu watapata karatasi zako zote, na tablo litaongezwa mustari wa kuonyesha kila taa inalala wapi. Anayetia sahihi ni mimi. Unisamehe, mama."

Anastasie alitazama manyoya ya jogoo pale uani.

"Na kwengine ulifunga?"

Mwamvita alitamani kutojibu. "Nyangwe. Mwezi wa ine. Kituo cha Muzee Assumani." Akaeleza taratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kusikia. Watu wa Nyangwe hufungulia taa zao Kasongo, siku ya soko. Na kule alifanikiwa kusema kabla chungu hakijatoka motoni. Aliona ni uungwana. Akasema, akaaga, akawasha pikipiki, hakutembea hata nyumba moja.

Anastasie akainuka, akaingia jikoni, akakaa huko kitambo. Alirudi na paja la jogoo, limekaushwa juu ya makaa na kufungwa vizuri kwenye jani la ndizi.

"Kesho iko Ijumaa. Ukimaliza na Bukavu, umupelekee Muzee Assumani," akasema. "Umuambie Ramazani ndiye alichinja, atakula bila wasiwasi. Na ukifika, usiongee mbele ya kula."

Mwamvita akaitoa simu kwenye mkoba wa mbele wa pikipiki, akaitia mfukoni, na mahali pake akaliweka lile paja.