Falesi Nampota Mbele ya Waandishi

Falesi Nampota aliingia chumba cha waandishi pale uwanjani Blantyre akiwa bado ana filimbi shingoni. Timu yake ya Chigumula ilikuwa imelala kwa goli moja katika fainali ya netiboli, baada ya Tionge, mfungaji wake tegemeo, kukosa mara mbili dakika ya mwisho.

Maswali mawili ya kwanza yalikuwa ya mchezo. La tatu lilitoka kwa Kalirani, mtangazaji wa redio, naye alikuwa hewani moja kwa moja.

"Kocha, mtaani wanasema Tionge ni mjamzito. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Tionge alikuwa amemweleza Falesi Jumatatu, huku akilia, akamwomba asimwambie mtu. Kwao Zomba walikuwa hawajajua.

Falesi alipokuwa na miaka kumi na tisa, mlinzi hodari, kocha wake aliulizwa swali la namna hiyo hiyo baada ya kufungwa. Yule bwana akajibu papo hapo kuwa ni kweli, ili lawama zisimwangukie yeye. Baba yake Falesi alizisikia habari hizo redioni, dukani, mbele za watu. Hakumsemesha binti yake kwa miaka sita.

"Kaka Kalirani," alisema Falesi, "mwili wa mchezaji wangu haujadiliwi hapa. Niulize mpira."

"Mama, wananchi wana haki ya kujua!"

"Basi wajue hili. Robo ya tatu nilimtoa kiungo aliyekuwa anamlisha Tionge mipira. Nilikosea. Aliyewanyima kombe ni mimi. Andikeni jina langu, na herufi msikosee."

Wakacheka, kisha wakainama kuandika. Kosa lile lilikuwa la kweli, ila peke yake lisingewaangusha.

Wiki nzima redio zilimchambua kama karanga. Sokoni Limbe muuza nyanya alimpigia kelele, "Kocha, hata mimi nisingemtoa yule kiungo!" Kamati ikampa timu mtu mwingine, na Falesi akarudi kufundisha netiboli wasichana wa shule ya msingi. Ilimuuma sana.

Mwisho wa mwezi Tionge alikwenda Zomba, akawaambia wazazi wake kwa kinywa chake. Baba yake akamuuliza kama amekula.

Falesi aliposimuliwa hayo kwa simu, alikaa kwenye ngazi za darasa, akaiweka simu magotini.

"Kocha, upo?" Tionge aliita. "Kocha?"