Nilivyomthibitishia Baba Mkwe Habari za Bunduki Angani

Hii habari nilikuwa sitaki kuisema kabisa, lakini kwa kuwa mjomba wangu anaisimulia kila msiba anaokwenda pale Igogo, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, bora mnicheke kwa yale niliyoyafanya kweli.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha sekondari huko Kiseke (huo ndio ugonjwa wangu, mtaona). Siku hiyo nilikwenda na mjomba, ambaye ndiye mshenga wangu, nyumbani kwa baba yake Koku, binti niliyemposa, huko Luchelele, kupokea jibu la posa. Mzee ni Mhaya, askari mstaafu, mtu wa maneno machache, na nyumba yake iko ufukweni mwa ziwa, ukitoka jikoni unakanyaga mchanga. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, shikamoo zimeitikiwa, senene wameletwa kwenye sahani, ndizi zinanukia jikoni, yaani jibu lilikuwa limebaki kutamkwa tu.

Tatizo likawa televisheni. Kulikuwa na picha ya watu waliovaa yale mavazi ya kwendea angani, wanarushiana risasi nje ya chombo chao, mzee akaguna akasema, "Uongo huo. Kule hakuna hewa, baruti itawakaje?"

Hapo mtu mwenye akili anasema "kweli kabisa baba", anachukua senene mwingine, maisha yanaendelea. Mimi nikasema, "Hapana baba, inawaka."

Mjomba akanikanyaga mguu. Sikujali, nikaeleza kwamba baruti imechanganywa na oksijeni yake humohumo ndani ya risasi, haiombi hewa ya mtu, kwa hiyo bunduki inafyatuka vizuri tu ingawa mlio hutausikia, na yule aliyefyatua anasukumwa nyuma na anaendelea kwenda hivyohivyo maana huko hakuna cha kumsimamisha.

"Asukumwe na nini, na hewa hakuna?" Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka.

"Na risasi yenyewe, baba. Ikienda mbele, yeye anarudi nyuma. Twende nikakuonyeshe."

Mzee alikuwa na mtumbwi wake mdogo, umefungwa kwenye kigingi. Nikamwomba akae mbele, naye akakaa, nadhani kwa hasira tu. Nikafungua kamba ili jaribio liwe halali, nikatoa makasia nikayaweka mchangani (uzito wa ziada unaharibu matokeo, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi), nikausukuma mpaka ukaelea, nikaruka ndani, nikasimama nyuma na jiwe la nanga lililokuwemo, nimelifungua kamba yake. "Jiwe ndiyo risasi, baba," nikasema, "na sisi ndio bunduki." Nikalitupa kwa nguvu zangu zote kuelekea nchi kavu.

Mtumbwi ukasukumwa upande wa pili, kuelekea ziwani, taratibu, vizuri kabisa, na mimi nikageuka nikimtazama mzee kwa furaha. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anayatazama makasia kule mchangani.

Upepo siku hiyo ulikuwa unatoka nchi kavu, ukatuchukua pale jiwe lilipotuachia. Nikachovya mkono kupima kina, nikaenda mpaka begani, sikugusa kitu. Mimi ni Msukuma wa Kwimba, maji niliyoyazoea ni ya kunyweshea ng'ombe, kuogelea sijui, nikamuuliza mzee kama yeye anajua, akatikisa kichwa. Kisha nikaona soksi zake zimelowa. Mtumbwi ulikuwa na ufa.

Niliogopa jamani, nisiwadanganye. Nyumba ilikuwa inazidi kuwa ndogo, mjomba amejishika kichwa, maji yanapanda ndani, na mzee ameshika kingo zote mbili, midomo inacheza, anasali. Fizikia ikaniambia nikitupa kitu upande wa ziwani tutasukumwa kurudi, nikatupa kiatu, nikatupa cha pili, hatukusogea hata kidogo. Nikaitazama fimbo ya mzee, iliyolala miguuni pake.

"Usithubutu," akasema.

Nikabaki nakumba maji kwa kofia yake mpaka nikasikia kasia. Alikuwa Koku, ndani ya mtumbwi wa jirani, na gauni lake la sherehe amelikunja mpaka magotini. Kwangu hakugeuka kabisa. "Tata, kaa katikati usisimame," alimwambia baba yake, akaturushia kamba, akatuvuta mpaka ufukweni bila neno lingine.

Mzee alishuka, akavua kiatu kimoja akamwaga maji, akavua na cha pili akamwaga. Mimi miguu mitupu.

"Mwalimu," akasema, "nimekubali. Inasukuma."

"Asante baba."

"Sasa niambie. Ulipokuwa unatoa makasia, ulikuwa unafikiria nini?"

Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa nafikiria uzito. Mzee akamtazama binti yake, gauni linachuruzika, halafu akamgeukia mjomba. "Mshenga, nendeni. Jibu mtalipata nikikauka."

Tangu siku ile nimejiapiza, mzee wa Koku akisema risasi angani inageuka kuwa kunguru, nami nitamuuliza ni kunguru wa rangi gani. Koku naye anasema nisubiri. Mjomba kila akipiga simu Luchelele, anaamkia vizuri, anauliza hali ya nyumbani, halafu anaambiwa kwa upole kabisa kwamba mzee bado hajakauka.